Historia ya Malezi ya Watoto Wadogo Katika Nchi Yetu, na Kazi Iliyo Mbele ya Chama

Kwa Wazee wetu waheshimiwa, na kwa Mabibi na Mabwana wanachama wote,

Katika Mkutano Mkuu uliopita jambo moja lilizungumzwa mpaka jua likatua, wala halikukatwa. Nalo ni jambo la watoto wetu wadogo. Wako waliosema kwamba yafaa Chama kijenge shule ya chekechea ya mawe kwenye kiwanja chetu, yenye jina la Chama juu ya mlango, ili wajukuu walisome jina hilo na kutukumbuka. Wako pia waliouliza: akina mama watokao nyumbani alfajiri kwenda kazini, nao wana watoto ambao hawajafikia umri wa kuingia chekechea, watasaidiwa na nani? Halmashauri iliniagiza mimi, karani wenu, nitafute habari za jinsi kazi hii ilivyoanza na kukua katika nchi yetu, niziandike katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, ili kila mwanachama azisome kabla ya kura kupigwa. Nimezitafuta, nami naziweka mbele yenu. Mwishoni nitatoa maoni yangu pia, kwa heshima ya walionitangulia.

MALEZI YA WAZEE WETU

Wazee hawana haja ya kufundishwa na karani jinsi mtoto alivyokuwa akilelewa zamani. Mama alipokwenda shamba, mtoto alibaki kwa nyanya yake. Na kama nyanya hajiwezi, palikuwa na shangazi, au jirani, au dada mkubwa aliyembeba mgongoni. Mtoto alijifunza hesabu kwa mchezo wa kokoto, akajifunza adabu kwa kuwaona watu wazima wakiamkiana, akajifunza maneno kwa hadithi na vitendawili vya jioni. Huku pwani, mtoto wa Kiislamu alipopata miaka mitano au sita alipelekwa chuoni, akakaa mbele ya mwalimu na kuanza alifu na bee. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga. Na wakati waliposema hivyo mikono ilikuwapo kweli.

Mikono hiyo ilipungua watu walipohamia mijini. Katika siku za ukoloni makao mengi ya wafanya kazi wa Kiafrika, Nairobi na hapa Mombasa, yalipangwa kana kwamba mfanya kazi hana mke wala mtoto: kitanda kimoja katika chumba cha kushirikiana na wenzake, na mshahara wa kumtosha mtu mmoja. Mke alipomfuata mumewe mjini, nyanya alibaki kijijini. Na mke naye alipopata kazi, au alipoanza kuuza mboga sokoni, likazaliwa swali ambalo wazee wa kale hawakuwahi kuulizwa: mtoto huyu atashinda na nani mchana kutwa?

JINSI MAMBO HAYA YALIVYOANZA KWINGINE

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa katika nchi nyingine zamani, pale viwanda vilipoanza kuwaita wazazi watoke nyumbani. Huko New Lanark, Uskoti, Robert Owen alikuwa msimamizi wa kiwanda cha nyuzi za pamba. Tarehe 1 Januari 1816 alifungua nyumba ya mafunzo kwa ajili ya watu wa kiwanda chake, na ndani yake akaweka mahali pa watoto wadogo. Walicheza, waliimba, walionyeshwa vitu vya dunia, wala hawakuchoshwa na vitabu. Huko Ujerumani, Friedrich Fröbel alianza kazi yake ya watoto mjini Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Aliona kwamba mtoto ni kama mche: humwamuru kukua, bali humwekea udongo, maji na mtunzaji.

Habari ya tatu ni ya Roma, mji mkuu wa Italia. Katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo, wenye nyumba walikuwa wamekarabati majumba ya kupangisha. Wazazi walipokwenda kazini, watoto walibaki peke yao wakichafua ngazi na kuharibu kuta. Wenye nyumba wakaona afadhali watoto wale wakusanywe katika chumba kimoja. Akaitwa daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, na chumba kikafunguliwa tarehe 6 Januari 1907. Waliomwita walikuwa wakifikiria kuta zao. Yeye akawafikiria watoto. Aliwapa vitu vya kushika na kupanga, viti vilivyolingana na miguu yao, na watu wazima waliojua kutazama kabla ya kukemea. Kutoka chumba kile njia yake ya kufundisha ilienea duniani.

Nimeitaja habari hii kwa sababu moja. Kulinda watoto wasiharibu kuta, na kulea watoto, si kazi moja, ingawa zote mbili zaweza kufanyika katika chumba kile kile. Tutaiona tofauti hiyo tena katika historia yetu wenyewe.

KENYA KABLA YA UHURU

Hapa Kenya, shule za watoto wadogo zilianza kuonekana katika miaka ya 1940. Zile za mijini zilikuwa za watoto wa Kizungu na wa Kihindi. Kwa watoto wa Kiafrika, vituo vya kwanza vilikuwa katika mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa, ambako mama alihitajika shambani. Vituo hivyo vilikuwa vya kulinda tu. Mtoto aliwekwa mahali pasipo na hatari, akapewa chakula, na mama akarudi kuchuma.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tangu katikati ya mwaka 1954, watu zaidi ya milioni moja katika sehemu za Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika, wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba. Akina mama walilazimishwa kazi za pamoja, kuchimba mahandaki na kutengeneza barabara. Watoto ambao baba zao walikuwa kizuizini au msituni, na mama zao katika kazi za kulazimishwa, walikusanywa vituoni wakatunzwa humo. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za mlimani kituo cha watoto kilianza wakati wa msiba. Ni habari chungu, lakini yafaa ijulikane, maana baadhi ya vituo hivyo havikufa msiba ulipokwisha. Wazazi walikuwa wameona kwamba mtoto aliyekusanywa na wenzake, akaimba na kula, alichangamka. Wakaviendeleza kwa hiari yao.

Mwaka ule ule wa 1952 kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Vikundi vyake vilipoenea, pamoja na vikundi vya makanisa, shule za nasari zikawa mojawapo ya kazi zilizofanywa na wanawake kwa mikono yao.

HARAMBEE, NA MWALIMU ASIYELIPWA

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita wananchi kwa neno la Harambee. Watu waliitika. Wengi hukumbuka shule za sekondari za Harambee, lakini nasari za Harambee zilikuwa nyingi pia, ingawa hazikupigiwa ngoma. Wazazi walikusanya miti, mawe, mabati na fedha. Pengine shule ilikuwa chini ya mti, pengine katika kanisa siku zisizo za ibada, pengine katika nyumba ya mkutano. Serikali iliziweka nasari hizo chini ya wizara iliyosimamia maendeleo na ustawi wa jamii, si chini ya elimu, na kwa hiyo mwalimu wake hakuwa katika daftari la walimu wa serikali.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Wananchi walijua kujenga kwa Harambee, kwa kuwa kujenga ni kazi ya siku chache na kila mtu huona alichotoa. Kulipa mshahara mwezi baada ya mwezi hakuna sherehe. Mwalimu wa nasari aghalabu alikuwa msichana wa kijijini aliyemaliza darasa la saba, akapewa watoto wengi na chaki chache. Alilipwa kutokana na michango ya wazazi. Mvua ikikosa, au bei ya mazao ikianguka, mchango ukakosa, na mwalimu akakosa. Akipata kazi nyingine aliondoka, akiolewa aliondoka, na watoto wakaanza upya na mwingine asiyejua kazi. Kuta za Harambee zilibaki zimesimama. Aliyekosekana ni mtu wa ndani.

Waliotambua jambo hilo walianza na mafunzo ya mwalimu. Mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianzisha mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa Bernard van Leer Foundation, shirika la Uholanzi, nao ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1980 kazi ya nasari ilihamishwa kwenda wizara ya elimu. Mwaka 1984 kilianzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wachanga, kijulikanacho kwa herufi zake, NACECE. Na tangu mwaka 1985 vikafuata vituo vya wilaya, DICECE. Mpango wao ulikuwa wa busara. Hawakumwondoa mwalimu darasani kwa miaka miwili. Walimwita wakati wa likizo za shule, wakamfundisha, wakamrudisha kwa watoto wake, na wakaguzi wakamfuata kule kule kumsaidia. Walikusanya pia hadithi, nyimbo na michezo ya makabila yetu, ili mtoto aanze kufundishwa kwa lugha aijuayo.

SHULE ZA MADRASA HAPA MOMBASA

Sasa naja nyumbani, katika habari ambayo nadhani inatufaa kuliko zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Mombasa walikuwa na huzuni. Watoto wao walibaki nyuma katika shule. Wazazi wengi waliwapeleka watoto chuoni kwanza, wakiogopa kwamba nasari za mji zingewaondolea dini na desturi. Kisha mtoto alipofika mlango wa darasa la kwanza akakutana na wenzake waliokwisha kushika kalamu. Viongozi hao walimweleza Aga Khan shida yao, wakamwomba msaada. Hawakuletewa majengo. Shirika lake, Aga Khan Foundation, lilifanya uchunguzi kwanza, na kazi ikakabidhiwa mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said.

Bi Swafiya alikwenda kwa watu, akakaa nao. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986 mtaani Liwatoni. Mahali pa kuanzia palikuwapo tayari: vyumba vya chuo vilivyokuwa tupu wakati wa asubuhi. Walimu walikuwapo pia: wasichana na wanawake wa mtaa ule ule, waliosoma kiasi, waliokaa nyumbani bila kazi. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, mbegu, makopo, vipande vya khanga na makuti, ambavyo mwalimu alivisafisha na kuvipanga ili mtoto ahesabu, apime, atofautishe na kubuni. Dini na elimu ya dunia zilifundishwa pamoja, kwa Kiswahili, kwa nyimbo.

Katika njia ya kufundisha, wenye kazi hii walijifunza pia kutoka mbali. Huko Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani, ilianzishwa mwaka 1962 shule ndogo kwa watoto weusi wa familia maskini. Watoto 123 waligawanywa kwa bahati: 58 waliingia katika shule hiyo, na 65 hawakuingia. Wataalamu waliwafuata wote mpaka walipokuwa watu wazima wa miaka 40. Wale walioingia, kwa jumla, walimaliza shule zaidi, wakapata kazi na mapato bora zaidi, na wakakamatwa na polisi mara chache zaidi. Njia ya shule hiyo, ya kumwacha mtoto apange kazi yake, aifanye, kisha aieleze, iliitwa High/Scope. Nayo ndiyo iliyochukuliwa na kuvikwa kanzu ya pwani katika shule za Madrasa.

Kazi hiyo ilivuka bahari kwenda Zanzibar mwaka 1990, na ikafika Kampala, Uganda, mwaka 1993. Jumuiya zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu zilisaidiwa kuanzisha shule zao. Wanachama watauliza: kwa nini hazikufa kama nasari nyingi za Harambee? Majibu ni matatu, nami naomba yazingatiwe.

Kwanza, jumuiya iliandikiana mapatano kabla ya kuanza. Watu wa mtaa walitoa mahali, wakachagua halmashauri yenye wanawake ndani yake, wakachagua walimu. Na kituo cha Madrasa kikatoa mafunzo na kuwatembelea. Kila upande ulijua wajibu wake. Pili, mwalimu hakufundishwa mara moja akaachwa. Alifuatwa darasani kwa muda wa miaka miwili au zaidi, mpaka shule ilipohesabiwa kuwa imefuzu kujisimamia. Tatu, ziliwekwa fedha za akiba ya kudumu kwa shule zilizofuzu: jumuiya ilichanga, shirika likaongeza juu ya mchango huo, na faida yake ikasaidia gharama za shule, kwanza kabisa ujira wa walimu. Kwa maneno mengine, mahali ambapo sisi tumezoea kuweka jiwe la msingi, wao waliweka mshahara.

Mwaka 2008 walitoa habari wataalamu waliolinganisha watoto wa shule hizo na wengine katika nchi zote tatu, akiwamo Peter Mwaura wa Kenya. Watoto waliokwenda nasari yoyote waliwapita waliobaki nyumbani katika majaribio ya akili, na wale wa Madrasa waliwapita wenzao wa nasari nyingine. Nyingi kati ya shule hizo zilianza katika vyumba vya kuazima.

SERIKALI YAINGIA, NA PENGO LILILOBAKI

Mwezi wa Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa bure. Ilikuwa baraka kubwa, lakini nasari ziliumia kwa njia ambayo wachache waliitazamia. Baadhi ya wazazi walisema: kwa nini nilipe karo ya nasari, na darasa la kwanza ni bure? Wakawaweka watoto nyumbani wakisubiri umri. Mwalimu wa nasari, ambaye riziki yake ilikuwa mikononi mwa wazazi hao, akapata hasara tena.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mambo. Katika Jedwali lake la Nne, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto vilitajwa kuwa kazi ya serikali za kaunti. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ziliajiri walimu na kujenga madarasa mengi. Mtaala mpya ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 uliweka miaka miwili ya chekechea kwa watoto wa miaka minne na mitano, PP1 na PP2. Hata hivyo malalamiko juu ya mishahara na masharti ya kazi ya walimu wa chekechea hayajakwisha katika kaunti nyingi, na madarasa mengine yana watoto kupita kiasi. Lakini hatuwezi kusema tena kwamba mtoto wa miaka minne hana mwenyewe. Sheria inamtambua, na mlango wake unajulikana.

Sasa nauliza: yuko wapi mtoto wa mwaka mmoja, wa miwili na wa mitatu? Katiba imevitaja vituo vya malezi, lakini nguvu kubwa imekwenda katika madarasa. Mtoto huyo mdogo yuko mitaani kwetu, katika vyumba vya kupanga, mikononi mwa mama mmoja anayelea watoto wa majirani kwa ujira wa siku.

Nilikuwa sikukusudia kutaja mambo yangu mwenyewe, lakini hapa sina budi. Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na mwaka mmoja na miezi michache, mke wangu alirudi kazini, nasi tukamwacha kila asubuhi kwa mama mmoja wa mtaani. Siku moja nilishikwa na homa ofisini, nikapewa ruhusa, nikapitia pale saa nane mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ndani mlikuwa na watoto kumi na watatu, nami sikusikia sauti ya hata mmoja. Ukimya ule ndio ulionitia hofu, kuliko kama wangekuwa wakilia. Yule mama alirudi baada ya muda na ndoo mbili za maji. Bomba lilikuwa limekauka, akalazimika kwenda mbali. Hakuna mtoto aliyeumia. Nilipomlaumu, alinijibu kwa upole kwamba angekuwa na mwenzake mmoja tu, asingewafungia. Nikakosa la kusema. Nilijua ninacholipa kwa siku, na nilijua kwamba kwa fedha ile hakuweza kumwajiri mwenziwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkono mmoja, na mimi nilikuwa nimemwachia kazi ambayo wahenga walisema mkono mmoja hauiwezi.

Elimu ya siku hizi inatuonya juu ya umri huo. Ubongo wa mtoto hukua upesi zaidi katika miaka mitatu ya kwanza kuliko wakati wowote mwingine baada ya kuzaliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia, walitoa mwongozo wenye mambo matano ambayo mtoto mchanga anayahitaji yote kwa pamoja: afya njema, chakula cha kutosha, mlezi anayemwitikia, usalama, na nafasi ya kujifunza tangu siku ya kuzaliwa. Mlezi anayemwitikia ni yule ambaye mtoto akitamka neno, naye hujibu. Mtoto akionyesha kitu kwa kidole, naye hukitaja. Hayo yote nyanya zetu waliyafanya bila mwongozo. Lakini mtu mmoja mwenye watoto kumi na watatu, hata awe malaika, hawezi.

MAONI JUU YA KAZI ILIYO MBELE

Baada ya kuzipima habari hizi, kwa heshima nyingi natofautiana na wale wazee wangu wanaotaka tuanze na jengo la mawe. Nia yao ni njema, wala sisemi kwamba Chama kisijenge kamwe. Nasema kwamba tukiitumia akiba yetu katika kuta, tutakuwa na chekechea nzuri ya watoto ambao kaunti imekwisha kuwachukua, na hatutakuwa na senti ya kumlipa mlezi wa wale ambao hakuna aliyewachukua. Kwa hiyo naomba Mkutano Mkuu ufikirie mambo haya.

La kwanza, ukumbi wetu hukaa mtupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa, ila jioni. Utumike mchana kuwa kituo cha malezi cha watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kama vile vyuo vilivyotumika asubuhi. Upigwe rangi, choo kitengenezwe, tangi la maji liwekwe, na jiko lizungushiwe ua. Kabla ya kufunguliwa, maofisa wa kaunti na wa afya waitwe waukague.

La pili, akina mama wanaolea watoto mitaani wasionekane kuwa maadui wa kituo wala kunyang'anywa riziki yao. Wao ndio wa kwanza kuitwa kazini. Wana uzoefu, wanachokosa ni mafunzo, mwenzi wa kazi na ujira wa uhakika. Wafanye kazi wawili wawili kwa uchache, ili asiwepo mtoto wa kufungiwa mlango kwa sababu ya ndoo ya maji.

La tatu, fedha zilizokusudiwa kununua mawe ziwekwe akiba ya kudumu, na mchango wa kila mwezi wa wanachama uongezwe juu yake. Faida yake iwe ya ujira wa walezi, wala isiguswe kwa jambo jingine, hata liwe la heshima kiasi gani. Mama walipe kwa uwezo wao, na akiba ijaze pengo.

La nne, halmashauri ya kituo iwe na akina mama wasiopungua nusu, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu. Mimi niliye karani najua jinsi daftari lisilosomwa linavyolala.

La tano, kituo kifungamane na chekechea za kaunti zilizo karibu, ili mtoto akitimiza miaka minne apelekwe na jina lake na habari za afya yake, asianze kama mgeni.

Najua litaulizwa swali hili: wajukuu watatukumbuka kwa nini, ikiwa hakuna jiwe lenye jina letu? Nimelifikiri sana. Majina ya waliojenga nasari nyingi za Harambee yamesahauliwa, na baadhi ya majengo hayo sasa ni ghala. Lakini hapa Mombasa, watu wazima waliokuwa watoto wa shule za Madrasa bado humtaja Bi Swafiya, nao hawamtaji kwa sababu ya jengo.

Basi jambo hili liko mikononi mwenu. Kura itapigwa katika Mkutano Mkuu ujao. Naomba kila mwanachama, kabla ya kuja, apite mtaani kwake saa nane ya mchana, siku ya kazi, asimame karibu na mlango wa mama anayelea watoto, asikilize kidogo. Kisha aje tukate shauri.

Wenu mtiifu,
Karani wa Chama